Vifaranga wa kambare waliopinda

Giheta, Jumanne

Karibu wote wana migongo iliyopinda. Vifaranga wa kambare waliototolewa leo asubuhi wanazunguka palepale, hawawezi kuogelea.

Mayai niliyaweka kwenye maji ya mfereji. Jirani yangu Merikiori alikuwa amepulizia nyanya zake kule juu, mvua ikateremsha dawa ya wadudu hadi mferejini. Harufu niliisikia. Nilitazama kambare wakubwa, nikaona ni wazima, nikaacha maji yaendelee kuingia. Laiti ningeyafunga.

Nilipomwonyesha beseni la vifaranga, Merikiori alichutama.

“Mi sikujua dawa inafika mpaka ndani ya mayai,” akasema. “Hawa watanyooka?”

“Hapana.”

Dada yangu wa Muyinga ameshachimba bwawa la kuwapokea vifaranga hawa. Nimempigia simu jioni nimwambie, nikaishia kuulizia watoto wake.