Jina la Mpagazi

Mjukuu wangu, mume wangu Idi,

Marahaba. Huku Ntalikwa tunapumua, ila babu yako haoni tena. Unauliza kwa nini sitaki kufuatana nanyi Bagamoyo kuwaonesha watoto historia.

Nilishakwenda. Enzi za Ujamaa baba alitupandisha treni, tukaone mahali babu yake, mpagazi, alipotua pembe za ndovu. Aliyetutembeza akawataja matajiri wa misafara wote kwa majina. Baba akauliza, "Na wapagazi?"

"Hao hawakuandikwa, mzee."

Baba akaturudisha Tabora. Nami, mjinga, sikumuuliza babu yake aliitwa nani. Baba alizikwa nalo jina hilo. Wanao wakiniuliza palepale, nitawajibu nini, kama si maneno yaleyale?

Bibi yako