Rafu Zangu Majumbani kwa Watu

Jumatatu, 8 Januari
Wamebomoa. Ukuta wa maktaba ulianguka asubuhi, na watu wakapiga makofi! Mimi sikupiga. Wazazi walikuja na nyundo na matoroli, mume wangu mbele yao. Ni fundi bomba, lakini tangu aingie kamati ya ujenzi anatembea kama mkuu wa wilaya.

Vitabu vyangu vimegawanywa. Kila nyumba rafu moja, eti mpaka shule mpya ikamilike. Wazo la Mwalimu Mkuu. Mimi mkutubi sikuulizwa. Miaka yote hiyo hakuna kitabu kilichovuka mlango wangu: unasomea ndani, unakiacha ndani. Rafu ya sayansi imekwenda kwa jirani yetu Mama Pacha, ambaye sufuria aliyoazima kwangu sijaiona tena. Rafu ya hadithi imekwenda kwa kinyozi. Kinyozi!

Mkuu akaniambia nisiwe na wasiwasi, vyote viko salama. Alisema harakaharaka mno.

Jumatano, 14 Februari
Nimepewa meza kwenye pembe ya ofisi ya Mkuu. Napokea wageni. Kazi gani hii?

Kila nikiingia anakunja ramani ya ujenzi. Leo ameikunja kwa pupa mpaka kikombe cha chai kikapinduka. Kontrakta aliyekuwa naye akatazama dari. Watu wazima wawili! Kuna jambo linapikwa hapa, na mimi ndiye sitakiwi kusikia harufu.

Alhamisi, 18 Aprili
Nimeiona ramani. Mkuu alitoka kupokea lori la mchanga, nikaikunjua. Madarasa, ofisi, vyoo, bwalo. Nikatafuta maktaba. Nikaigeuza juu chini. Haipo. Palipokuwa na chumba changu pameandikwa darasa la watoto wadogo.

Nikakaa kwenye kiti cha Mkuu, potelea mbali.

Jioni nikamuuliza mume wangu, kwa sauti ya kawaida, maktaba itakuwa upande gani. "Ramani bado inabadilikabadilika, mama. Kula, chakula kinapoa." Kisha akainuka kuosha vyombo. Mume wangu akificha jambo huosha vyombo. Leo ameosha hata vilivyokuwa safi kabatini.

Kwa hiyo naye yumo.

Ijumaa, 5 Julai
Nimepita ukaguzi. Bila hodi za simu, bila taarifa.

Kwa Mama Pacha rafu ina mapengo kama mdomo wa mtoto wa darasa la kwanza. Vingine viko wapi? "Vinazunguka tu, mwalimu." Vinazunguka kwenda wapi? "Kwa wenzetu huko." Akacheka, akaniletea maji ambayo sikuomba. Wanauza! Sina ushahidi, ila mtu mwenye dhamira safi hakimbilii kuleta maji.

Kwa kinyozi ndiyo kabisa. Nimefungua kitabu, katikati ya kurasa kuna nywele. Nywele za mtu! Anasema wateja husoma wakisubiri zamu. Nikakitia mkobani, nikaondoka. Akanifuata mpaka kona, aproni kifuani, mashine mkononi: "Mwalimu, nakuomba niachie hicho mpaka kesho. Kuna mtu kafika katikati." Nikamkatalia. Mtu gani huyo? Mnunuzi, bila shaka.

Jumanne, 20 Agosti
Paa limepigwa. Shule inapendeza, siwezi kusema uongo. Mkuu ananichekea kila tunapopishana. Mkutano wa wazazi ni mwezi ujao na nimeambiwa nitakaa mbele. Mtu akikalishwa mbele, ama anapewa zawadi ama anaagwa.

Mume wangu kaninunulia viatu. Hajawahi kujua hata namba ya mguu wangu. Alimuuliza nani?

Alhamisi, 26 Septemba
Sasa najua.

Bwalo jipya, harufu ya rangi, nimekaa mbele na viatu vyangu. Mkuu akasimama, akakohoa, akasema. Hakuna kitabu kilichouzwa. Vipo vyote, vinapita nyumba hadi nyumba. Wazazi ndio walimwendea, tangu mwezi wa pili, wakaomba vitabu vibaki majumbani moja kwa moja. Mimi niwe napita kubadilisha rafu, za huku ziende kule. Mama Pacha akaeleza jinsi wanawe wanavyogombania nani asome kwanza. Halafu baba mmoja huko nyuma, wala hakuwa na nia mbaya, akasema, "Kule maktaba watoto walikuwa wanaogopa hata kukohoa." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Mashavu yaliniuma.

Walinificha kwa sababu waliniogopa. Mkuu, kontrakta, wote.

Kimebaki chumba kimoja karibu na geti, hakijapangiwa kazi. Mkuu anasema nikikitaka ni maktaba, vitabu virudi, na hakuna atakayenibishia. Nimjibu Jumatatu. Mbona ananipa kirahisi hivyo? Labda anajua nitaona haya kukichukua.

Nyumbani nikamuuliza mume wangu, hata wewe uliniogopa? "Mimi ndiye wa kwanza," akasema, akaenda kwenye vyombo. Imeniuma. Imeniuma sana. Lakini nywele ni nywele, na kile ni kitabu cha shule!

Jumamosi, 28 Septemba
Sitaamini maneno ya mkutano. Nimekwenda kwa kinyozi kuona kwa macho yangu.

Nilisimama nje kwanza, pembeni ya dirisha. Sauti ya mtoto ikisoma. Ni yule binti wa darasa la nne ambaye kwangu alikuwa akifungua kitabu na kutazama mlango mpaka kengele ilie. Sijawahi kusikia sauti yake. Amekaa juu ya kreti, anasoma, anaigiza mpaka sauti ya fisi. Mteja kitini kichwa nusu kimenyolewa. Wazee wawili kwenye benchi, mmoja amefumba macho, anatabasamu.

Nikaingia.

Kinyozi akazima mashine. Mzee akafumbua macho. Binti akafunga kitabu, akakirudisha kwenye rafu, akakinyoosha kiwe sawa na vingine. Kisha akasimama mbele yangu, akanyoosha mikono yote miwili, viganja juu, nikague kama ni safi. Ndivyo nilivyowataka wafanye mlangoni kwangu. Hapa hakuna aliyemwambia.

Wamenisogezea nafasi kwenye benchi. Nimekaa. Naandika haya hapa hapa kwa sababu sijui nitazame wapi. Kinyozi anafagia mahali palipokwisha fagiliwa.

Nimemwambia binti, endelea, nasikiliza. Nimesema kwa sauti ndogo kuliko zote nilizonazo. Amekifungua tena. Anamtazama kinyozi, ananitazama mimi. Kidole kipo kwenye mstari.

Bado hajasoma.