Siku Anti Ndululu Alipoombewa Kanisani

Wee Khamisa, uko? Nimetoka kwa Anti Ndululu sasa hivi, kanisimulia kisa cha zamani.

Ile kazi yake ya kuuza magodoro Mtito Andei, mwaka wa njaa, themanini na nne. Hakuna aliyenunua godoro, hakuna kamisheni, ile asilimia ya mauzo aliyokuwa akilipwa, na bosi wake Muthama hakumpa hata senti.

Anti akamwambia, "Sheria inasema kamisheni ikiwa kidogo, unajazia ifike kima cha chini cha mshahara."

Muthama akacheka. ALICHEKA!

Jumapili, Muthama huyo, mzee wa kanisa, akamwita Anti mbele ya waumini. Anti akadhani anaombwa msamaha.

Muthama akaomba, "Bwana, mwondolee dada yetu roho ya tamaa."

Kanisa zima: Amina!

Aliyepaza sauti kuliko wote ni mume wa Anti. Jumatatu yeye ndiye aliyekuwa akiuza magodoro ya Muthama, mahali pa Anti.