Mafuta Kwenye Bomba la Moshi

3 Machi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Hujambo? Mama mkubwa anaendeleaje na mguu wake? Huku sote wazima, mgahawa unajaa, na wateja wanakuulizia mpaka nachoka kujibu.

Naandika kwa sababu kwenye simu, ukisikia lisilokupendeza, unasema mtandao mbaya. Mama, bomba la moshi juu ya jiko limejaa mafuta. Jana yamenidondokea shingoni nikikaanga samaki. Moto ukiingia mle utafika darini kabla sijaweka mwiko chini. Mitungi ya gesi bado iko ubavuni mwa jiko, na mlango wa nyuma una kufuli ambalo ufunguo wake umeondoka nao. Niruhusu nifunge kidogo tu, mafundi wasafishe.

Mwanao.

11 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mimi sijambo. Mama yako mkubwa analalamika kwa nguvu, kwa hiyo anapona.

Jiko hilo nimelipikia wewe ukiwa mgongoni. Mafuta yalidondoka, nikapangusa, nikaendelea. Ukifunga, wateja watahamia ng'ambo ya barabara na hawatarudi. Kufuli usiliguse, tuliibiwa masufuria kupitia mlango huo. Wewe mwoga tangu mdogo, hata kibiriti ulikuwa unawashiwa. Pika.

Mama yako.

2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Sijui nianzie wapi.

Jumamosi mchana, ukumbi umejaa, karai la mafuta likashika moto. Mzee Chumvi, mpishi mwenzangu, akachota maji. Nikapiga kelele, "Si maji! Funika!" Alikuwa ameshamwaga. Mafuta yaliruka yakamshika mkono, na moto ukapanda kwenye bomba ukinguruma. Akakimbilia mlango wa nyuma na shati linawaka. Akausukuma kwa bega. Kufuli, Mama. Nikamvuta kupitia katikati ya wateja, nikimpigapiga kwa kitambaa cha meza.

Fundi cherehani wa jirani ndiye aliyeleta mtungi wa kuzimia moto, maana sisi hatuna. Mzee Chumvi yuko hospitali. Kufuli nimelivunja kwa nyundo. Jiko siliwashi tena mpaka unijibu.

Mwanao.

16 Aprili

Mama,

Shikamoo. Kimya chako nakisikia hadi huku. Kama umekasirikia kufuli, nitukane, lakini andika. Mzee Chumvi ameruhusiwa kurudi nyumbani. Vidole havikunjiki. Kila nikienda ananiuliza, "Mama amesemaje?" Namwambia barua huchelewa.

Mwanao.

25 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Juzi fundi cherehani amepita hapa akifuata vitambaa. Kanieleza yote kwa utulivu. Anasema bomba lile ni hatari, mitungi ikae nje, na mlango wa nyuma ufunguke bila ufunguo. Mtu mwenye akili sana. Nimeona ana hoja. Funga hata wiki nzima, ita mafundi.

Ila wewe nawe, mambo mazito namna hii, mbona hukuniambia mapema?

Mpe pole Mzee Chumvi. Mkono wake haunitoki akilini, ndiyo maana kalamu ilikuwa nzito.

Mama yako.

4 Mei

Mama,

Shikamoo. Barua yako niliisoma, nikairudia nikidhani nimeruka mstari. Kisha nikatoka nje nikatembea mpaka hasira zikashuka. Ningejibu papo hapo, ungekana kunizaa. Basi, fundi cherehani ana akili. Tuishie hapo.

Mafundi wamemaliza. Wametoa uchafu mweusi ndoo baada ya ndoo, wenyewe wakashangaa kwamba bado tuko hai. Mitungi iko nje. Mlango unasukumwa kwa kidole, na mtungi wa kuzimia moto unaning'inia pembeni yake.

Leo Mzee Chumvi alikuja kutuona. Nikamwonyesha kila kitu. Nikamwambia aingie, kiti chake kipo, atakata vitunguu kwa mkono mwingine. Akabaki kizingitini.

"Washa kwanza," akasema. "Nitaangalia kutoka hapa."

Nikawasha. Nilipogeuka, alikuwa ameshavuka barabara.

Mwanao.