Pale Kamera Ilipotazama Viatu

Mjukuu wangu Nekesa,

Hujambo huko Eldoret? Hapa Shauri Moyo tu wazima, isipokuwa goti langu, lile lililoninyima harusi ya dadako. Mamako amepaka sebule rangi ya kijani. Usimwambie nilivyoiona.

Umeniuliza ukate wapi zile video za harusi ulizopakua, kabla ya kuniwekea kwenye diski. Unasema ni ndefu na nyingine zinatikisika tu.

Miaka ya tisini nilikuwa na duka la video hapa mtaani, deki mbili na televisheni moja. Jirani yetu Simiyu alinyimwa ruhusa kiwandani siku ya kumzika babake Bungoma, akaletewa kaseti ya mazishi. Alitaka nimnakilie nyingine, niondoe sehemu zisizo na maana. Tukaitazama pamoja nikinakili. Tukafika pahali mpiga picha aliposahau kuzima kamera, ikawa ni viatu na nyasi tu. Nikanyoosha kidole nisimamishe.

"Ngoja, mama," Simiyu akasema.

Chini ya wimbo wa kanisa, mamake alikuwa akiuliza, "Simiyu amefika?"

Mtu akajibu, "Bado."

"Basi msifukie kwanza."

Simiyu aliniomba nirudishe nyuma, kisha tena. Viatu vile tulivinakili vyote, na nyasi zake.

Kata utakavyo, mjukuu wangu, ila sikiliza kwanza. Huenda kuna mtu humo aliyeuliza kama nimefika.

Ni mimi nyanyako,
Nafula