Baraza ya Baba Kendu Bay

Nyamasaria, Kisumu

Dada Mwanakombo,

Salamu nyingi kabla ya maneno mengi. Natumai magoti ya Mama yanamruhusu kutoka nje kuota jua, na wewe kile kikohozi kimekuacha. Mimi mzima, nimenenepa, na kama kwetu Vanga nzima kuna mtu aliyezaliwa na bahati basi ni huyu nduguyo. Kaa chini kwanza. Mimi sasa ni nahodha. Mashua ina matanga mawili, meupe kama meno ya bandia, mwenyewe ni Mzungu anaitwa Piet, na hang'oi nanga mpaka aniulize upepo unasemaje. Watu wa huku wakisikia mtu katoka pwani wanadhani alizaliwa na usukani mkononi, nami sikuona haja ya kuwasahihisha.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako unaiweka sauti kubwa, na Mama asisikie yote haya. Utachagua wewe ya kumwambia.

Jumamosi tulipeleka wageni Kendu Bay. Ndiyo, Kendu Bay hiyo hiyo alikofia Baba. Najua utasema kutoka Kisumu ni safari ya asubuhi moja, na mimi miezi minane namwambia Mama kesho, kesho. Niliogopa kufika nikakuta hakuna anayemjua. Basi tukatoka na upepo wa asubuhi, tukapenya magugu maji, tukafunga kwenye gati la zamani, pale meli zilipokuwa zikishusha mizigo enzi hizo. Mji umezeeka, Dada. Maduka ya mabati yameliwa na kutu, lakini msikiti bado safi.

Piet akanituma mbele nikanunue nyanya. Kwenye baraza moja nikamkuta mama mzee anauza, Mama Akinyi. Akanitazama mpaka nikajikagua vifungo. Kisha akauliza, "Wewe ni nani wa Bakari fundi?"

Nikamwambia ni baba yangu. Ile baraza ilikuwa ya Baba. Cherehani yake ilikaa pale anapokaa yeye sasa, na nusu ya watoto wa mji walisoma ndani ya kaptula zake. Kwenye nguzo kuna pete ya chuma. Mama Akinyi akaniambia hapo Baba alikuwa akifunga mbuzi wa Idd, na akishamchinja nyama inaingia kila nyumba ya jirani, wawe wanaswali wawe wanaimba kwaya. Akanipeleka nyuma ya msikiti akanionyesha kaburi. Anasema siku ya maziko wanawake wa soko walikatazwa kupiga mayowe, kwamba Waislamu hawafanyi hivyo. Na kwa Wajaluo kumzika mtu kimya ni kumtukana. Basi wakatoka nje ya ukuta, wakamlilia barabarani mpaka jua likazama. "Tulimlilia kwa adabu," akasema, "lakini tulimlilia."

Hilo mwambie Mama. Mwambie lote.

Tuliporudi barazani Piet alikuwa amefika na wageni wanne. Sasa sikia ujinga ulionipandisha damu. Anawaambia eti hapa Mwarabu mmoja wa pwani alikuwa akifunga watumwa. Pete ya mbuzi, Dada! Halafu akatoa mkobani mnyororo, mpya kabisa, wa soko la Kibuye. Nilikuwa nimeuona kwenye mashua nikadhani ni wa nanga. Akautundika kwenye pete. Wageni wanatikisa vichwa, bibi mmoja anafuta machozi. Baba, mtu aliyeshindwa hata kumfukuza paka jikoni kwetu, mtu aliyeomba radhi kabla ya kumpima mteja kiuno. Anakuja mtu na kofia na chupa ya maji, kwa dakika kumi anamgeuza marehemu wako jambazi, na anapigiwa makofi. Nikikumbuka kalamu inatoboa karatasi.

Mama Akinyi Kizungu hajui, lakini mnyororo anaujua. Akainuka. "Mwambie huyo," akaniambia, "Bakari hakufunga mtu hapa. Alifunga mbuzi, na sisi tulimla."

Nisalimie shemeji, mwambie aache kusema nimepotea. Wasalimie watoto, na Shangazi Mwanasiti aliyeniosha kila nilipotoka matopeni. Mwalimu wa madrasa mwombe amsomee Baba dua, mwambie kaburi limeonekana, liko kivulini na limefagiwa.

Hili la mwisho usimsomee mtu. Mimi si nahodha. Napika na kuosha sufuria, na Piet hajawahi kuniuliza hata saa, achia mbali upepo. Siku ile ndiyo aliniuliza kwa mara ya kwanza, mama huyu anasema nini. Nikamjibu anawakaribisha. Kisha nikaushika ule mnyororo, wakapiga picha.

Nduguyo,
Ramadhani