Kiptarit Hakuuawa kwa Mkuki

Shangazi Taprandich,

Watu wa hapa Kapsoit bado wanasema ulikuwa na kichwa kigumu. Wakisema hivyo mbele yangu, nawaambia ni kweli, na mimi nimekirithi.

Unakumbuka meneja wa shamba la chai alivyosimamisha hapa jiwe la kumbukumbu la yule Mzungu aliyekuja huku kukusanya ndege, kabla ya reli, wakati wa babu zetu? Wazee walimwita Kiptarit, mtu wa ndege. Jiwe lilisema aliuawa kwa mkuki na wenyeji wa Sigor. Wenyeji wa Sigor ni sisi Wakipsigis. Mimi nilikuwa nimetoka tu chuo cha ualimu, nikasema hayo ni mambo ya zamani, tuyaache. Ukanijibu, "Vaa viatu. Twende tukamtafute huyo mtu."

Tukamfuata alikopita. Mzee mmoja wa hapa Kapsoit alitueleza jinsi Kiptarit alivyokaa mbele ya hema akichuna ndege kwa kisu kidogo, akiwajaza pamba na kuwapanga kwenye masanduku. Vijana walimletea ndege, yeye akawapa shanga. Hakugombana na mtu. Alishindwa kumeza ugali wa wimbi, watu wakamcheka, naye akacheka. Kule Chebunyo tukaambiwa alifika akitetemeka kwa homa, na wapagazi aliokuja nao kutoka mbali wakamwacha njiani.

Halafu Sigor, kwa yule bibi kipofu. Wakati wa Kiptarit alikuwa msichana mdogo. Mama yake, Taplelei, ndiye aliyemwokota Kiptarit, akamlaza karibu na moto na kumnywesha maziwa.

"Alikuwa akiita mtu," bibi alisema. "Lugha yake hatukuijua, lakini mama alisema anamwita mama yake. Basi akawa anamwitikia."

Hapo nilikuona ukilia. Sikukuona tena ukilia maishani mwako.

"Na mkuki?" ukauliza.

"Mkuki wa nani? Alikufa kwa homa. Wapagazi walirudi kuchukua masanduku. Mtu wao hawakumuulizia."

Ndege wakafika Ulaya, na hadithi ya mkuki ikafika pamoja nao. Aliyemtoroka mgonjwa lazima awe na la kusema.

Siku ya kufungua jiwe, wanawake wa shamba waliambiwa waimbe. Ulisimama kabla hawajaanza. Uliongea Kiswahili ili wote wasikie, Wakipsigis, Waluhya, hata meneja mwenyewe. Ulipomtaja Taplelei, chifu akakukatiza.

"Mwalimu, keti chini. Leo ni siku ya heshima."

"Heshima ya nani, chifu? Mama huyu alimlisha mgeni aliyetupwa na watu wake. Mnataka wajukuu wake waimbe kwamba alimuua?"

Hakuna aliyeimba. Wanawake walijitwika vikapu vyao vya chai wakarudi shambani, na meneja akabaki akiangalia migongo yao.

Jiwe halikuondolewa. Wewe ndiye uliyeondolewa, ukapelekwa Chebunyo kabla muhula haujaisha. Ulifundisha huko mpaka mwisho wako, na hukumwomba mtu akurudishe. Zamani hilo liliniuma. Siku hizi linanipa nguvu.

Maana sasa wamelipaka jiwe rangi upya, wakataka watoto wa shule yangu waende kuimba. Nimekataa. Niliwapeleka Sigor badala yake, wakasimama pale ilipokuwa nyumba ya Taplelei, nikawaeleza habari za Kiptarit kuanzia shanga mpaka homa. Msichana mmoja akauliza kwa nini jina la mama huyo haliko kwenye jiwe. Nikamwambia aulize kwa sauti hiyo hiyo popote aendapo.

Jana mjumbe wa chifu akaja darasani.

"Mwalimu, unajua shangazi yako alipelekwa wapi."

"Najua," nikamwambia. "Chebunyo pia kuna watoto."

Pumzika wewe, Shangazi. Mimi bado niko kazini.

Binti wa kaka yako,
Chelangat